Mipaka ya soko haifuati mkoa
Umeuliza kwa nini mdhibiti wa ushindani, yaani chombo kinacholinda ushindani kati ya kampuni, asitumie tu mipaka ya mikoa anapoamua soko linaishia wapi. Kwa sababu wanunuzi hawaifuati. Chukua saruji: ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo, kwa hiyo nauli ya lori ndiyo inayochora soko. Viwanda viwili vilivyo mbali sana havishindani hata vikiwa nchi moja. Kipimo cha kawaida ni hiki: wauzaji wote wa eneo wakipandisha bei kwa asilimia 5 hadi 10, je, wateja wengi watakimbilia kwingine? Kama ndiyo, panua ramani.

Kwenye mazingira ni vilevile: uchafuzi haufuati mipaka ya utawala, kwa hiyo tazama bonde la mto, yaani eneo lote ambalo maji yake huingia mto huo. Mwaka 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na Basel, Uswisi. Sumu ikateremka na mto Rhine hadi Uholanzi.