Usimuulize bibi "vita vilikuwaje"

Mara ya kwanza nilipoketi na bibi yangu huko Missenyi, mkoani Kagera, daftari likiwa magotini, nilimwomba anisimulie Vita vya Kagera. Alijiweka sawa, akakohoa kidogo, kisha akanieleza kwamba nduli Iddi Amin aliivamia nchi yetu, na kwamba Mwalimu alisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Yote ni kweli, ila hayakuwa yake. Yalikuwa ya redio. Swali langu lilikuwa la kitabu, naye kwa heshima akanijibu kitabu.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuandika tukio la taifa kutoka vinywani mwa watu wa kwenu, nakushauri uanze na kitu kinachoshikika. Siku nyingine, tukimenya ndizi, nilimuuliza kwa nini gurudumu la cherehani yake lina kutu upande mmoja tu, na hapo ndipo vita vilipoanza kusimuliwa: jinsi alivyokifungua kichwa cha mashine kutoka mezani, akakizungushia vitenge viwili na kukifukia mgombani usiku, kabla ya kushika njia ya Kyaka na watoto wawili ili wavuke mto Kagera daraja likiwa bado lipo. Askari wa Amin walivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Yeye hakuitaja Oktoba. Alisema senene, wale panzi wa kuliwa wanaokuja kwa msimu, walikuwa wameanza kuanguka, na mwaka ule hapakuwa na wa kuwakamata.

Hapo usimkatize kwa kumtajia tarehe. Nilifanya hivyo mara moja, akanyamaza, kisha akasema, "Basi wewe unajua, mjukuu wangu." Tarehe utazipanga baadaye, mwenyewe, mbele ya vitabu. Mdogo wake anashikilia kwamba senene walikuwa bado. Nimeziandika kauli zote mbili, kwani walikimbia kutoka vijiji tofauti.

Kilichonisumbua zaidi ni mahali pa kukomea. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, nami nilitaka simulizi iishie hapo, maana ni mwisho unaopendeza. Bibi hakuishia hapo: alirudi akakuta nyumba haina bati hata moja na zizi ni tupu, akafukua cherehani yake, akawa anaipaka mafuta ya taa kila jioni mpaka gurudumu likakubali kuzunguka, na nguo ya kwanza aliyoshona ilikuwa sare ya shule ya mama yangu. Nikaiondoa Kampala kwenye mstari wa mwisho, nikaihamishia katikati ya ukurasa.