Jibu: Kuwatazama dubu Alaska mwezi wa Septemba

Waalaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza iwapo kwenda Alaska mwezi wa Septemba kuwatazama dubu ni kuchelewa. Si kuchelewa hata kidogo, kwani katika Mto Brooks, ndani ya Hifadhi ya Katmai, dubu huonekana kwa wingi mwezi wa Julai na tena Septemba, wanapowala kwa pupa samaki aina ya samoni waliokwisha kutaga na kudhoofika, ili wajaze mafuta ya kuwavusha miezi ya usingizi wa baridi. Mtii kiongozi wako, usimkaribie dubu chini ya mita 46, wala usitembee na chakula mkononi. Koti lisilopitisha maji ni la lazima.