Ukiipata "The Healer", anzia wimbo wa mwisho

Kwa miaka kadhaa niliiweka kando albamu ya John Lee Hooker, mwimbaji na mpiga gitaa wa bluzi (blues) kutoka Marekani, iitwayo "The Healer", iliyotoka mwaka 1989, kwa sababu mzee huyo nilikuwa nimemfahamu kupitia "Boogie Chillen'" aliyoirekodi Detroit mwaka 1948 akiwa na gitaa lake tu, huku mguu wake ukigonga sakafu badala ya ngoma. Masikio yaliyozoea ukavu ule yanapokutana ghafla na kinanda laini, ngoma za konga na gitaa la Carlos Santana, ni rahisi kuamini kwamba mtu aliyekwisha kupita miaka 70 amevalishwa nguo zisizo zake ili auzike redioni. Niliamini hivyo, na nilikosea.

Wewe anza na "No Substitute", unaofunga albamu, ambamo Hooker hana mwenzake hata mmoja. Usikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, kwa kuwa spika ya simu huimeza sauti yake nzito, na uzingatie jinsi asivyojifunga na zile baa 12 za bluzi, yaani vipimo 12 vya mapigo vinavyojirudia: hubadilisha kodi (sauti za gitaa zinazopigwa kwa pamoja) pale maneno yanapomfikisha, si pale hesabu inapoelekeza. Wapigaji wengi walishindwa kumfuata kwa sababu hiyo, na ndiyo sababu mojawapo ya kumrekodi peke yake siku za mwanzo.

Ukishaizoea hali hiyo, rudi kwenye wimbo wa kwanza, ule wa Santana. Bendi inazunguka pale pale, ngoma zikishikwa na Ndugu Chancler, Mmarekani aliyebeba neno letu kama jina na ambaye ndiye pia aliyepiga ngoma katika "Billie Jean" ya Michael Jackson. Na kwa kuwa hakuna anayemharakisha, Hooker anazungumza na kunyamaza apendavyo. Ung'avu wote umepangwa kumzunguka, yeye hakuguswa. Sioni ajabu, maana mtayarishaji wa albamu, Roy Rogers, alikuwa amewahi kupiga gitaa katika bendi ya Hooker na aliijua mienendo yake.

"I'm in the Mood", aliouimba na Bonnie Raitt na uliopata tuzo ya muziki ya Grammy mwaka 1990, uweke sambamba na rekodi yake mwenyewe ya mwaka 1951. Raitt hashindani naye. Anamwitikia, kwa sauti na kwa gitaa, hata wimbo wa mtu mmoja ukawa mazungumzo ya wawili. Nyimbo alizoshirikiana na Robert Cray na Los Lobos ni nzuri, ingawa sizirudii mara nyingi.

Kijana asiyezivumilia rekodi za kale mpitishe njia ya kinyume, aanzie kwa Santana. Mpwa wangu alianzia huko, na ilimchukua miezi minne kabla ya kuniomba nimtafutie ile ya mwaka 1948.