Pemfigasi haiambukizi, na dawa haiachwi ghafla

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Pangani aliniandikia: "Dada, mdomo wangu una vidonda tangu Maulidi. Dawa za fangasi nimemaliza, sasa malengelenge yamehamia mgongoni. Mama mkwe anasema nimetupiwa kitu. Wewe ulifanyaje?" Nimeshamjibu, lakini najua wengi wanaficha vidonda chini ya khanga, basi na wao wasome.

Mimi ni wa Ngamiani, Tanga. Asubuhi nilikuwa nauza mbaazi na maandazi, na nilisifika. Ugonjwa ulianzia mdomoni vilevile. Chai ya moto ikawa adhabu, chungwa la Muheza sikuthubutu hata kulilamba. Kisha kifuani na mgongoni yakatoka malengelenge teketeke, nguo ikigusa tu yanapasuka, inabaki nyama mbichi. Wateja wakapungua mmoja mmoja. Jirani niliyekuwa nikila naye sinia moja alimkataza mwanawe kupokea andazi mkononi mwangu, tena kwa sauti, ili nisikie. Vidonda vimepona, lile bado.

Ugonjwa unaitwa pemfigasi vulgarisi. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, hutengeneza kingamwili zinazoshambulia desmogleini, protini inayoshikanisha seli za ngozi. Seli zinaachana kama matofali yasiyo na udongo, na maji yanajaa katikati. Hakuna kijidudu cha kumrukia mtu. Hauambukizi kwa sahani, kwa kitanda wala kwa unyumba.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usikubali kutibiwa kwa kuangaliwa tu, maana unafanana na magonjwa mengine. Vidonda vya mdomoni visivyopona omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Mimi nilifika hospitali ya KCMC, Moshi, ambako madaktari wa ngozi husomeshwa. Wanapiga sindano ya ganzi, wanakata kipande kidogo pembeni ya lengelenge jipya, na kingine kwenye ngozi nzima iliyo karibu ili kutafuta zile kingamwili. Ni maumivu ya muda mfupi, lakini ndipo ugonjwa wangu ulipopata jina.

Nilianzishiwa predinisoloni, dawa ya kushusha kinga, dozi kubwa, baadaye wakaongeza azathioprini, nayo ya kushusha kinga, ili ile ya kwanza ishushwe polepole. Uso ulivimba, njaa haikukatika, wapo walioninong'ona kuwa nimenenepa kwa raha. Nilimeza. Kabla ya dawa za jamii ya predinisoloni kuanza kutumika miaka ya 1950, wengi wenye pemfigasi walikufa. Mwezi huu daktari amenishushia dozi tena. Mgongoni yamebaki madoa meusi tu, na meza yangu ya maandazi imerudi barazani. Najivunia, siwafichi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Predinisoloni haiachwi ghafla! Mwili uliozoea kuipata hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukikatisha unaweza kuzimia, hata kufa. Nilimwona mwenzetu wodini aliyeambiwa na mganga atupe vidonge: alirudishwa kwa machela, malengelenge mwili mzima. Dua ombeni, na vidonge mezeni, asubuhi baada ya kula. Kila kliniki dai upimwe sukari na presha, maana dawa hii hupandisha vyote viwili. Inadhoofisha na mifupa, kwa hiyo maziwa na dagaa visikose. Kidonda kikitoa usaha au ukipata homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na nyie waume na mama wakwe, mgonjwa huyu apewe sinia ileile mnayokula nyote.

Mdomo ukiwa mbichi, acha pilipili, ndimu na ukwaju, kunywa uji uliopoa, tumia mswaki laini. Joto letu la pwani linataka dera pana la pamba. Usipake majani wala dawa ya meno kwenye vidonda. Na kama unataka mtoto, mwambie daktari kabla hujashika mimba, kwa sababu baadhi ya dawa za kushusha kinga humdhuru mtoto tumboni.