Maswali ya Wasomaji: Askari wa Samora na sanamu za saruji

Swali: Ndugu mhariri, hapa Bagamoyo mzee wetu mmoja anashikilia kwamba sanamu ya Askari pale Barabara ya Samora, Dar es Salaam, iliwekwa na Wajerumani. Sisi tunasema ni Waingereza. Kweli iko wapi?

Jibu: Mmepatia, ila mzee naye hakubuni. Dar ilikuwa na sanamu ya Mjerumani, tena Mjerumani anayewahusu sana nyinyi wa Bagamoyo: Hermann von Wissmann, aliyeletwa mwaka 1889 kuzima vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Mei mwaka huo aliivamia ngome ya Abushiri karibu na mji wenu, kisha akaziteka Pangani na Tanga. Desemba, Abushiri akanyongwa Pangani.

Sanamu ya Wissmann ilizinduliwa 1909. Mpangilio wake ulisema yote: yeye juu, kifua mbele, chini yake askari Mwafrika anamwinulia macho huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani. Waingereza walipoiteka Dar 1916 waliing'oa, wakaipeleka London kama nyara. Baadaye ilirudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi wa huko waliiangusha 1967, ikarudishwa mahali pake, wakaiangusha tena 1968. Safari hiyo haikurudi.

Askari wa leo ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, ya bronzi, na ilizinduliwa 1927. Singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Inawakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Mwingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, kwa hiyo askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliopigana Tanga Novemba 1914 hawamo. Maneno ya ukumbusho aliyatunga mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling: wapagazi wanaitwa miguu na mikono ya jeshi, na anayekufa akipigana anaahidiwa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na hakuna jina la hata mmoja lililoandikwa pale. Kwetu sisi hilo ni deni ambalo halijalipwa.

Swali: Shuleni kwetu Tanga tuna sanamu ya saruji. Mkono umepasuka na unatoa michirizi ya kutu. Tupake rangi?

Jibu: Msipake. Chumvi ya bahari imefika kwenye nondo. Chuma kikila kutu kinavimba na kuipasua saruji kutoka ndani. Rangi itaficha ufa tu, kutu iendelee.

Chimbeni saruji yote iliyolegea mpaka nyuma ya nondo, kama sentimita 2. Sugueni kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, na nondo iliyoliwa sana ikatwe iwekwe nyingine. Osheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha zibeni kwa saruji 1 na mchanga 3. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufukweni unarudisha chumvi ile ile. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50, na mchanga ukiwa mbichi punguzeni zaidi, kwa sababu maji mengi huacha vitundu vinavyopitisha chumvi. Funikeni kwa magunia mabichi siku 7.

Nondo ifunikwe kwa saruji sentimita 5. Kwenye vidole na mikono myembamba unene huo haupatikani, ndiyo maana ufa huanzia huko. Sehemu hizo tumieni vyuma vya stenlesi, visivyoshika kutu kirahisi.