Siku 21 Zimepita, Simu Bado Iko Chini ya Mto

SWALI: Ndugu Mhariri, kila nikiamka, kabla hata sijafumbua macho sawasawa, mkono umeshaingia chini ya mto kutafuta simu, na nusu saa hunipotea nikiwa bado nimejifunika shuka. Nilisikia kwamba tabia hubadilika kwa siku 21, nikajiwekea nadhiri ya kusoma kitabu kila asubuhi badala ya kushika simu. Siku ya 13 niliamka nimechoka, nikaishika, nikaona nadhiri imeshavunjika, nikaacha kabisa. Je, sina nia thabiti, au kuna jambo nimelikosea?
Msomaji wenu wa siku nyingi

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na hizo siku 21, maana zimekutia hatiani bure. Hesabu hiyo ilienea kutokana na maandishi ya mwaka 1960 ya daktari mmoja wa upasuaji nchini Marekani, aliyeona kwamba wagonjwa aliowarekebisha sura, mathalani pua, walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Neno “angalau” likapotea njiani, nayo habari ya pua ikageuzwa kuwa kanuni ya kila tabia. Watafiti wa University College London, katika utafiti uliotoka mwaka 2009, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo moja dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi kila siku, wakakadiria kwamba jambo hilo huwa la mazoea baada ya siku 66 hivi, ingawa kati ya mtu na mtu ilikuwa kuanzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuirudisha nyuma tabia iliyokuwa ikijengeka. Kwa hiyo siku yako ya 13 haikuharibu kitu. Kazi iliharibika siku ya 14, ulipoamua kwamba yote yamekwisha.

Kuhusu nia, sidhani kama ndiyo yenye kosa. Tabia iliyokomaa haingoji nia. Huitwa na mahali, saa na kitu kilicho karibu, na wewe mwenyewe umeeleza kwamba mkono hutangulia macho. Uliweka nadhiri, lakini simu ukaiacha palepale, kisha ukategemea akili ambayo haijaamka ishindane na mkono uliokwisha kuamka. Iondoe. Ichaji chumba kingine usiku kucha, na kitabu ukiweke ulipokuwa ukiiweka simu, kikiwa kimefunguliwa ukurasa utakaousoma. Utasema simu ndiyo kengele yako ya kuamkia. Nami nilijitetea hivyo kwa miaka, mpaka nilipoiweka ng’ambo ya mlango na kugundua kwamba kengele husikika vizuri tu kutoka huko, tena hunilazimu kusimama.

Jambo la mwisho ni kipimo. “Kusoma kitabu kila asubuhi” ni maneno mapana mno kwa mtu aliyechoka, kwa hiyo jiambie hivi: nikishapiga mswaki, nitaketi nisome ukurasa mmoja. Mswaki hausahauliki, na ndio utakaokukumbusha. Ukitaka kusoma zaidi ya ukurasa huo, soma, lakini usijidai deni.

Anza kesho, na ukiandika kwenye kalenda, usiandike siku ya kwanza. Andika ya 14.