Huyu "mimi" wa kwenye riwaya, tumwamini?

SWALI: Shikamoo mhariri, nimemaliza riwaya ya Siku Njema ya Ken Walibora na kila alichosema Kongowea, mhusika mkuu anayejisimulia mwenyewe, nimekimeza tu, sasa rafiki yangu anasema msimuliaji wa "mimi" ni wa kumtilia shaka, kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako ana pointi, ila shaka siyo lazima iwe kwamba mtu anadanganya. Kongowea anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na sisi tunajua kile anachojua yeye tu, akikosea kuhusu mtu na sisi tunakosea naye, ndo maana safari inatushika hivyo. Halafu kuna kitu wengi wanakiruka, anayesimulia ni mtu mzima anayejua mwisho wa stori lakini anatuficha ili tuone kwa macho ya yule kijana, hiyo ni kazi ya mwandishi na mi naipenda sana. Ukirudia kusoma, angalia anavyowaeleza waliomtesa, jiulize wao wangesimulia vipi. Mi bado namwamini, kwa sababu maumivu yake anayaonyesha kwa matukio, haombi tumwonee huruma.